MAJI YA KAMEMBE NA SAYANSI YA WATOTO WETU

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi

Maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Swali hilo nilimwuliza mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Kamembe, siku ambayo askari wetu walikuwa wakimalizia kazi ya kujitolea ya kuezeka darasa. Mtoto alisimama wima, mikono kando kama aliyeitwa gwarideni, akajibu bila kusita: nyuzi 100 za sentigredi. Mwalimu wake akatabasamu, nasi tukapiga makofi.

Basi ikatokea kwamba siku hiyo tulikuwa na kipimajoto cha maabara, tulichokiazima katika shule ya sekondari kwa shughuli nyingine, na sufuria ya maji ya chai ya askari ilikuwa mafigani ikitokota. Kipimajoto kikatumbukizwa. Kikapanda upesi, kikapunguza mwendo, kikakoma kwenye 95. Tukachochea kuni, maji yakatokota kwa kishindo zaidi, lakini kipimo hakikupanda hata unyuzi mmoja. Mtoto akakitazama, akamtazama mwalimu wake, kisha akatoa hukumu: "Afande, kipimajoto hiki ni kibovu."

Kipimajoto hakikuwa kibovu. Ziwa Kivu liko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kamembe umekaa vilimani juu ya ziwa hilo. Mahali palipoinuka namna hii hewa ni nyepesi na mgandamizo wake juu ya maji ni mdogo, hivyo maji hupata nafasi ya kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Hizo 100 za kitabuni ni za Mombasa na Dar es Salaam, ambako bahari iko mlangoni. Kila askari aliyewahi kupiga kambi kwenye mlima mrefu anajua jambo hili kwa tumbo lake, kwa kuwa amengoja maharagwe ambayo hayakutaka kuiva.

Mtoto yule hakukosea kwa sababu ya uvivu, wala mwalimu wake hakustahili lawama. Alijibu kama alivyofundishwa, na katika mtihani jibu lake lingepata alama zote. Kilichonishughulisha ni kwamba alipolazimika kuchagua baina ya jicho lake na neno alilokariri, alilikana jicho. Kwa wasomaji wa ukurasa huu, askari na polisi, hilo si jambo dogo. Mlinzi anayeandika katika ripoti yake kile alichotarajia kukiona, badala ya kile alichokiona, ni hatari kwa kikosi kizima. Tabia hiyo haianzii katika chuo cha makuruta. Mizizi yake huwa imekwisha kushika katika miaka sita ya shule ya msingi. Kwa hiyo inafaa tuichungue miaka hiyo sita, tuone sayansi inavyopanda, au inavyokwama, kichwani mwa mtoto.

Mtaala unaotumika Rwanda ulitangazwa mwaka 2015 na kuanza kufundishwa madarasani mwaka 2016. Msingi wake ni uwezo wa kutenda: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukifanya, si kwa anachoweza kukikariri tu. Somo la sayansi limeunganishwa na teknolojia ya mwanzo, nalo huanza darasa la kwanza na kwenda hadi la sita, ambako huwa mojawapo ya masomo ya mtihani wa taifa. Mambo yenyewe ni yale yale yanayomzunguka mtoto: mwili na usafi wake, mimea, wanyama, udongo, maji, hewa, mwanga, umeme, zana na vyombo. Hayafundishwi mara moja yakaachwa. Hurudi mwaka hadi mwaka, na kila yanaporudi hutazamiwa kuzama zaidi, kama askari anayefundishwa bunduki: kwanza kuibeba, kisha kuifungua na kuifunga, kisha kulenga, na baadaye sana kueleza kwa nini risasi hupinda njiani kwa upepo na uzito.

Mpango wa namna hiyo una sababu. Mswisi Jean Piaget, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza fikra za watoto, alionyesha jambo ambalo mzazi yeyote aweza kulijaribu nyumbani. Chukua bilauri mbili zilizo sawa, zijaze maji sawasawa, kisha mimina maji ya moja katika chombo chembamba na kirefu. Mwulize mtoto wa miaka mitano au sita ni wapi penye maji mengi. Mara nyingi atasema ni katika kile chombo kirefu, ijapokuwa maji yamemiminwa mbele ya macho yake. Baada ya miaka michache mtoto huyo huyo atakushangaa kwa kuuliza swali la kipuuzi. Hajafundishwa kanuni yoyote. Akili yake imepevuka kwa kushika, kumwaga na kupima.

Lakini hapa pana nyongeza iliyotoka Afrika, nayo yafaa itajwe kila mara Piaget anapotajwa. Mtafiti Mmarekani Patricia Greenfield aliwafanyia jaribio hilo watoto wa Kiwolofu wa kijijini nchini Senegal, akatoa taarifa yake mwaka 1966. Watoto wengi wasiosoma walidai kwamba maji yalibadilika kwa sababu yule mgeni ndiye aliyeyamimina, kana kwamba mkono wake una nguvu za ajabu. Alipowapa watoto wenyewe wamimine, wengi wao walijibu sawasawa. Mkono ulipokuwa wao, ajabu ilitoweka. Sijui hoja iliyo nzito kuliko hiyo kwa mwalimu anayefanya jaribio peke yake mbele ya darasa, huku watoto wamekunja mikono.

Sasa tuyafuate maji ya Kamembe katika madarasa yote sita, maana hatuna mfano ulio karibu zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anajua maji kwa ngozi. Aambiwe akusanye jiwe, jani, kizibo na msumari, avitupe katika beseni, aseme kipi kimezama na kipi kimeelea. Asiulizwe kwa nini. Muda wa kwa nini utafika. Inatosha ajifunze kutabiri kwanza, kutazama baadaye, na kukiri pale utabiri wake ulipokosea. Katika darasa la tatu maji huingia katika afya: maji machafu na safi, kuchemsha, kunawa mikono. Huku mpakani somo hilo si la mapambo. Mwaka 2024 taifa lilipambana na homa ya Marburg iliyotangazwa mwezi Septemba. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki, wengi wa wagonjwa wakiwa watumishi wa afya, mpaka mwezi Desemba ilipotangazwa kuwa imekwisha. Mtoto aliyeelewa mapema kwamba kuna viumbe visivyoonekana kwa macho hahitaji kutishwa ndipo anawe.

Darasa la nne na la tano, mtoto wa miaka kumi hivi, sasa anaweza kupima na kuandika. Hapo ndipo kipimajoto, mizani na saa vinapopaswa kuingia mkononi mwake. Aweke sahani ya maji juani na nyingine kivulini, aandike kila saa yamepungua kiasi gani. Achuje maji ya tope kwa mchanga na makaa, ayaone yakitoka maangavu, kisha aelezwe kwamba uangavu peke yake si usalama. Na darasa la sita aweze kuunganisha alivyovijua. Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu hapa hapa na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini yake kwa karibu meta 690. Maporomoko hayo ndiyo yaliyofanya mtambo wa umeme wa Rusizi ya Kwanza ujengwe kwenye mlango wa mto mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi ya Pili mwaka 1989, mtambo ambao nchi tatu za Burundi, Rwanda na Kongo zinauchangia. Mtoto anayeona taa ya kwao ikiwaka jioni aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua: taa, waya, mtambo, gurudumu, maji yanayoanguka, ziwa, mvua, na sahani ile ya maji iliyokauka juani alipokuwa darasa la nne.

Ndiyo njia ilivyochorwa. Katika utekelezaji, ngazi moja ikikosekana mtoto huruka, na aliyeruka hukariri.

Nitatoa mfano wa radi, kwa kuwa unawahusu askari moja kwa moja. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Mwanga hufika papo hapo. Kwa hiyo anayeona mwako kisha akahesabu sekunde hadi asikie kishindo, akagawanya kwa tatu, amepata umbali kwa kilometa. Ni hesabu ya darasa la tano, nayo humfaa mwangalizi anayekadiria mahali mzinga ulipo sawasawa na inavyomfaa mchungaji aliye malishoni. Mwezi Machi mwaka 2018, katika wilaya ya Nyaruguru, radi moja iliyopiga kanisani iliua waumini wasiopungua 15. Ukihesabu ikawa pungufu ya sekunde thelathini, wingu liko ndani ya kilometa kumi nawe. Ondoka kilimani, ondoka chini ya mti, ingia katika jengo madhubuti. Nimekutana na makuruta waliofaulu mtihani wa sayansi, wanaoitaja kasi ya sauti bila kukosea tarakimu, lakini hawajawahi hata mara moja kuhesabu baina ya mwako na ngurumo. Elimu wanayo, ila imefungwa katika sanduku ambalo ufunguo wake haukutolewa.

Mfano wa pili unatoka kaskazini ya ziwa hili, upande wa Goma na Rubavu. Wenyeji wanaosema Kiswahili wana neno mazuku, yaani ile hewa mbaya inayolala mabondeni ikaua mbuzi, na wakati mwingine watu. Zamani iliitwa kazi ya mizimu. Wataalamu wa volkano duniani wameliazima neno hilo, nao hulitumia katika maandishi yao kwa maana hiyo hiyo. Mazuku ni hewa ya ukaa itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, hukaa chini kama maji katika shimo. Ndiyo maana mbuzi na mtoto hufa mahali ambapo mtu mzima aliyesimama hupita salama, na ndiyo maana askari wa doria hatakiwi kulala bondeni katika nchi ile. Mwalimu wa darasa la tano aweza kuionyesha kwa siki, magadi na mshumaa: povu likichemka ndani ya gudulia, ile hewa isiyoonekana humiminwa juu ya mshumaa, nao huzimika. Gharama yake ni ndogo kuliko soda moja. Mtoto akishauona mshumaa ule, atakuwa na njia ya kuelewa pia habari za hewa ya ukaa na methani zilizoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu, zile ambazo methani yake inazalisha umeme huko Karongi tangu miaka kumi hivi iliyopita.

Tukija kwenye lugha, tumefika penye mwiba. Nasema haya kwa heshima, kwa kuwa siasa ya lugha ni ya serikali, na ina sababu zake katika biashara na katika ujirani wetu wa Afrika Mashariki, jumuiya ambayo Rwanda iliingia mwaka 2007. Historia yenyewe imepinda mara nyingi. Mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalirefusha shule ya msingi hadi miaka minane na kuipa Kinyarwanda nafasi kubwa, pamoja na kilimo na ufundi wa mikono. Mwaka 1991 ikarudi miaka sita. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, yaliyoangamiza walimu pamoja na wanafunzi wao, watu walirudi kutoka Burundi, Kongo, Uganda na Tanzania, kila mmoja na lugha ya shule aliyoizoea. Mwaka 2008 ikaamuliwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishiwa Kinyarwanda, na mwezi Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza.

Sasa mfikirie mtoto wa Kamembe. Nyumbani anasema Kinyarwanda, sokoni anasikia Kiswahili cha Bukavu ng'ambo ya mto, na shuleni anaambiwa aeleze kwa Kiingereza kwa nini kizibo kimeelea. Jicho lake limeona, akili yake imeelewa, ila ulimi hauna neno. Akinyamaza, huhesabiwa mjinga. Akikariri sentensi ya ubaoni, huhesabiwa hodari. Kwa maoni yangu hapa ndipo sayansi ya watoto wengi hufa kimya kimya, karibu na darasa la tatu na la nne, wakati hasa inapotakiwa kutoka kwenye kushika na kuingia kwenye kueleza. Tanzania ilichagua njia nyingine: baada ya Azimio la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na mtoto akaweza kubishana na mwalimu wake kuhusu kizibo kwa lugha anayoiotea ndoto. Hata hivyo Tanzania haikuuondoa mwiba, imeusogeza mbele; mtoto wa kule huukanyaga aingiapo kidato cha kwanza.

Sidai kwamba sera ibadilishwe kwa makala moja ya gazeti. Ninalosema ni jepesi zaidi: mwalimu amruhusu mtoto atabiri na abishane kwanza kwa lugha aliyo nayo, kisha ampe sentensi ya Kiingereza ya kulivika wazo ambalo tayari limezaliwa. Walimu wazuri hufanya hivyo milango ikiwa imefungwa, wakiogopa mkaguzi. Wangefanya milango ikiwa wazi.

Kuhusu mtihani, Kenya iliwahi kutoa fundisho. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi kadhaa za Afrika zilijaribu mpango wa sayansi kwa shule za msingi uliotumia vitu vya karibu, hata yule mdudu achimbaye kishimo mchangani akavizia sisimizi. Eleanor Duckworth, aliyetumwa kuupima mpango huo nchini Kenya, hakugawa karatasi za maswali. Aliweka vifaa mezani, akawaacha watoto wafanye watakalo, akahesabu mawazo mbalimbali waliyoyatenda na jinsi yalivyokuwa na uzito. Waliopitia mpango ule walikuwa na mambo mengi ya kufanya kuliko wenzao. Mtihani wetu wa darasa la sita hauwezi kupimwa hivyo kwa maelfu ya watoto, jambo hilo naliona. Lakini mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, na karatasi haiulizi kama umewahi kushika kipimajoto.

Kompyuta nitazipita upesi. Tangu mwaka 2008 zaidi ya laki mbili za kompyuta ndogo za watoto ziligawiwa nchini, na kuna watoto waliojifunza kwazo kupanga maagizo na kuchora. Penye mwalimu aliyezielewa zilifaa sana. Penye kabati lenye kufuli zilitunzwa vizuri. Serikali pia imefanya mambo makubwa: madarasa zaidi ya 22,000 yalijengwa katika mwaka 2020 na 2021, na mwezi Agosti 2022 mishahara ya walimu wengi wa shule za msingi iliongezwa kwa asilimia 88. Darasa lisilojaa kupita kiasi na mwalimu asiyekimbilia kibarua cha jioni ndio masharti ya kwanza ya jaribio lolote.

Yaliyobaki yanatuhusu sisi wenye sare. Watoto wa askari na polisi huhamishwa pamoja na wazazi wao, leo Kamembe, mwakani kwingine, na kila uhamisho unaweza kung'oa ngazi moja: mtoto ameondoka kabla ya somo la mchanga na makaa, amefika baada yake. Mzazi asingoje ripoti ya muhula ndipo agundue. Tunazo zana ambazo shule nyingi hazina. Sajini wa mawasiliano anajua sumaku na betri. Mganga wa kikosi anajua mapafu na damu. Fundi wa magari anajua wenzo na kabari. Polisi wa kikosi cha majini anayekamata nyavu haramu ziwani aweza kumweleza mtoto kwa nini uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa majira, ili samaki wazaliane, na kwamba sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mkono wa binadamu. Nusu saa ya jioni moja kwa juma yatosha, mradi askari azuie ulimi wake usitoe jibu kabla ya mtoto kutabiri.

Nirudi kwa yule mwanafunzi wetu. Nilipomweleza habari ya hewa na mwinuko hakuridhika, na mimi nikafurahi kwamba hakuridhika. Akauliza: ikiwa ni hivyo, Bugarama kule bondeni kwenye mpunga, ambako ni chini zaidi kuliko huku, maji yatachemka kwa nyuzi ngapi? Mwalimu akasema tusimjibu, aandike kwanza utabiri wake. Akaandika 97 nyuma ya daftari, nami nikatia sahihi kama shahidi. Kesho yake lori letu lilikuwa na safari ya Bugarama kuchukua saruji. Koplo dereva alikabidhiwa kipimajoto, kimeviringishwa katika soksi, pamoja na amri ya kuchemsha maji. Jioni alirudi na kikaratasi chenye tarakimu mbili, akakataa kunionyesha kabla hajampelekea mtoto.

Ilikuwa 97.